Ufito wa Viviane

Jumatatu, 3 Juni
Mama Émilienne wa kanisa la Panda anataka fremu za madirisha ya upinde. Jumamosi kila fundi akunje ufito mmoja wa alumini mbele yake. Usiopasuka ndio unapata kazi. Mimi Aruna, myeyushaji wa sufuria, Kikula nzima inanijua. Mpinzani ni mmoja: jirani yangu Viviane, fundi wa madirisha. Hayeyushi kitu. Hununua fito zilizosukumwa kiwandani zikiwa moto, zikatokea kwenye tundu la chuma kama tambi. Uvivu mtupu. Fatou, mke wangu, anasema nikishindwa nikaombe kazi kwa huyo huyo. Labda nife kwanza.

Jumanne, 4 Juni
Nimemchungulia Viviane. Alisugua kipande cha ufito hadi kikang'aa, akakichovya kwenye soda kali ya kutengenezea sabuni, akakiosha. Akaniona. Badala ya kunifukuza akanipa kioo cha kukuzia. Lo! Punje ndogondogo, ndefu, zote zimelala upande mmoja. Miaka yote hii nilidhani ndani ya alumini mna alumini tu. Akakunja ufito mzima, ukatii bila hata ufa. Nilifurahi mpaka nikajisahau. Nikamwomba mmoja, akanipa bure. Mjinga huyu.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeuyeyusha ufito wake pamoja na sufuria mbili za Fatou. Ule mzuri utaifundisha alumini ya sufuria. Nimemimina kwenye mchanga, umetoka ufito mnene wa kupendeza. Fatou anauliza bukari, ugali wetu wa kila siku, atasongea wapi. Nimemwambia avumilie.

Jumamosi, 8 Juni
Wangu umevunjika kama biskuti. Wa Viviane ulipinda taratibu, na wa kwanza kupiga makofi nilikuwa mimi. Mama Émilienne akampa kazi. Viviane akaokota vipande vyangu, akatazama, akacheka kwa upole, akaniita kaka: “Yaya Aruna, weye uliyeyusha, basi ile mupango yote ilikufa.” Akaeleza kwamba punje hulala upande mmoja kwa sababu zilisukumwa. Ukiyeyusha, zinazaliwa upya ovyo. Kisha akaniomba nimsaidie kazi ya kanisa. Mwanamke ana akili, tena ana moyo. Nimesema nitafikiri.

Jumapili, 9 Juni
Nimefikiri. Kosa langu nimeliona: nilikoroga huku na huku! Kesho nitakoroga upande mmoja tu, kama bukari, na punje zote zitalala. Imebaki sufuria moja. Fatou huenda sokoni mapema.