Bahari Niliyoizamisha

Jumatatu, 3 Machi

Nimepiga chafya. Basi. Chafya moja tu, na sampuli namba tisa haipo tena. Foraminifera arobaini, vigamba vya vijidudu vya baharini, vidogo kama punje za mchanga. Nimeviokota kimoja kimoja kwa ncha ya brashi siku mbili nzima. Vilikaa ndani ya mwamba mamilioni ya miaka bila kusumbuliwa na mtu. Nikaja mimi.

Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Kosa moja zaidi, nimemwaga unga. Miwani, mwenzangu wa meza ya pili hapa maabara, akauliza kulikoni. Nikamwambia vumbi. Alipotoka nikajaza kibao cha namba tisa kwa vigamba vya namba thelathini na moja. Vyote vinafanana.

Jumanne, 4 Machi

Havifanani. Bosi ameinamia hadubini, akaandika kitu, akainama tena. Kumbe anafurahi! Anasema namba nane, tabaka la mwamba lililo chini ya tisa, ilitoka bahari ya maji ya kiunoni, yenye jua na nyasi. Namba kumi, tabaka la juu yake, vilevile. Lakini tisa ni ya kilindini, giza totoro. Kwa hiyo bahari ilizama ghafla, kisha ikarudi. Ugunduzi mkubwa. Ameniita ndugu yangu. Hajawahi.

Alhamisi, 6 Machi

Bosi kamwita Mama Profesa, bingwa wa vigamba hivi. Mama huyu hacheki. Aliitazama namba tisa, kisha akatutazama sisi. Miwani, kwa kimbelembele chake, akasema huenda kuna mtu kavichanganya. Nikaanza kufuta meza iliyokuwa safi tayari.

Mama akasema kujua ni rahisi. Jumatatu atachukua kipande cha mwamba wa namba tisa kilichobaki stoo, akipime mwenyewe. Kikitoa vigamba vya kilindini, Bosi yuko sahihi. Kikitoa vya maji ya kiunoni, basi humu ndani kuna mwongo.

Nyumbani nimemweleza mke wangu yote. Akasema nikaseme ukweli mapema, chafya humtoka mtu yeyote. Naogopa hata kulala.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikwenda kusema ukweli. Wallahi nilifika hadi mlangoni kwa Bosi. Akanipokea kwa kuniambia mkataba mpya uko mezani, anangoja tu majibu ya Jumatatu. Nikamshukuru, nikageuka, moja kwa moja stoo.

Nimetoa kipande cha namba tisa, nikaweka cha thelathini na moja kwenye boksi lake. Shida ni moja. Mwamba wa tisa ni mweupe, wa thelathini na moja ni mweusi tii. Nikakipaka unga wa chaki, tabaka tatu, kila upande. Ukikiona utaapa ndicho.

Hofu yote imeniisha. Nimekula sahani mbili. Miwani anasema Mama Profesa ana taratibu zake, kabla ya yote hulitia jiwe kwenye ndoo ya maji akalisugua. Na asugue.