Taa Mpya Zimeninyang'anya Kiti cha Mbele

Usoke,
Jumatatu, nikisubiri maharage yaive.

Kwa Ndugu Fundi Modest,
Gereji, Kanyenye, Tabora.

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA TAA ZA ZAMANI

Ndugu Fundi, mjukuu wangu na mume wangu wa pili,

Shikamoo yako najua iko njiani, kwa hiyo marahaba. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe usije ukasema nimechochewa na mtu. Shule sikuiona. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, baba yako yuko mgongoni ananivuta kilemba, kwa hiyo zikipinda mlaumu yeye.

Mwezi uliopita ulikuja hapa ukang'oa taa za mbele za gari la fowili aliloniachia babu yako, ukafunga mpya. Hukuniuliza. Ulisema vioo vya zamani vimekuwa vya njano kama tumbaku iliyokauka, na vinamulika hatua tatu tu. Ni kweli. Lakini hatua ya nne nilikuwa naimulika mimi. Naomba zirudi, kwa sababu hizi:

1. Kiti changu. Miaka kumi na moja nimekaa mbele, kushoto kwa dereva. Kaka yako Mathias alishika usukani, mimi nikashika njia: korongo hilo, kisiki hicho, punguza, mbuzi wa Mhoja hao. Gari zima lilijua kwamba bila bibi halifiki Urambo. Sasa nikifungua mdomo tu, Mathias ananiambia ameshaona. Korongo, ameshaona. Mbuzi, ameshaona. Siku moja nikabuni kisiki ambacho hakipo, nikaambiwa hakipo. Jumapili iliyofuata nikamkuta Silasi katekista amekaa mbele, mimi nimepangiwa nyuma na kuku wa sadaka. Kuku wenyewe walinitazama kwa huruma.

2. Taa hizi zinaangalia yasiyozihusu. Nilitangaza mbele ya jumuiya kwamba Kwaresima hii nimeacha ugoro. Alfajiri moja nilikuwa nyuma ya ghala la tumbaku nikilisubiri gari, nina ugoro kidogo tu, wa kubana kwa vidole viwili. Gari likakata kona, kwaya nzima imepanda. Walinikuta katikati ya chafya. Taa za zamani zingepita zimeinamisha macho. Zilikuwa na adabu.

3. Ukuta wa jiko langu. Nilikuwa nimeupaka chokaa kwa ajili ya Pasaka. Wewe ukasimamisha gari mbele yake, ukachora misalaba miwili ya mkaa, ukawa unakaza na kulegeza skrubu mpaka mwanga wa kila taa ukatua kwenye msalaba wake. Ulisema ndivyo taa inavyopimwa isiwapofushe wanaokuja. Sawa, hawapofuki. Lakini wageni wawili wameshaniuliza nani amefariki.

4. Wazee wetu. Babu wa babu yangu alibeba pembe za ndovu begani kutoka Ujiji mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka pwani, kwenye njia hii hii. Hakuwa na taa hata moja. Aliyeijua njia ndiye aliyetangulia, na msafara ulimfuata. Sijasikia kwamba katikati ya safari waliwasha kitu kikang'aa, kisha wakamwambia akakae na kuku.

5. Hili sikutaka kuliandika. Uliniagiza taa zisafishwe kwa kitambaa laini, maji na sabuni, basi. Mimi nikachukua majivu na mchanga, vile tunavyosugua mikono kutoa ulimbo wa tumbaku, nikasugua taa ya kulia mpaka bega likauma. Nia yangu ilikuwa usafi. Hapana, Modest, uongo huo. Nia yangu ilikuwa ipungue kidogo. Ile niliyodhani ni kioo kumbe ni plastiki, ikafanya ukungu kama jicho la mbwa mzee. Mathias nikamwambia ni vumbi. Wiki nzima anafuta vumbi, maskini, na mimi namsifu kwa bidii.

Ukikataa ombi langu, nitamwandikia mbunge. Itungwe sheria kwamba gari lenye bibi lisifungwe taa inayoona mbali kuliko bibi mwenyewe. Askari wa barabarani watupime wote wawili, mimi na taa, na atakayeshindwa akae nyuma.

Cheka, lakini nisikilize. Mtu wa umri wangu akishatolewa kiti cha mbele, kinachofuata anaambiwa apumzike nyumbani. Akishapumzika, wanaanza kumsalimia kwa kupiga kelele kama kiziwi. Mimi sijachoka, Modest. Bado nataka kwenda, na nikienda nataka nihitajike.

Wasalimie wote hapo gereji, hata yule anayekula huku ameshika spana. Mwambie mama yako viazi vyake viko tayari. Wewe nakupenda, na ukija nitakugombeza kwanza ndipo nikupe chakula.

Ni mimi mwenye gari,
Bibi yako Bertila

Tanbihi: Barua imelala siku tatu kwa kukosa mtu wa kuja Tabora. Jana alfajiri Recheli, mke wa Mathias, alishikwa na uchungu, na mvua inapiga mabati kama inadai. Nilipanda nyuma bila kupangiwa na mtu, kichwa chake mapajani mwangu, kucha zake mkononi mwangu. Njia sikuitazama hata mara moja. Taa yangu ya kulia ilimulika ukungu mtupu. Ya kushoto ndiyo iliyoona kwamba kalavati limechukuliwa na maji. Mathias alikanyaga breki, gari likasimama ukingoni kabisa, tukarudi nyuma tukazunguka kwa njia ya reli. Ningekuwa na nguvu ya kusugua zote mbili, leo ungeandikiwa na mtu mwingine.

Mtoto ni wa kike, mzima, na kelele zake zimeamsha wodi nzima. Njoo upesi na taa ya kulia, kali kuliko zote zilizopo Kanyenye. Mbele akae Silasi. Sisi kesho tunatoka hospitali, na Recheli amesema kitukuu wangu hatapakatwa na mtu mwingine mpaka nyumbani.