Mgonjwa wa Kitanda cha Dirishani

Jumatatu, 4 Machi

Tangazo limebandikwa! Nafasi moja, Ofisi ya Vihatarishi. Anatakiwa muuguzi mzoefu wa kuchunguza ajali za wagonjwa na kuzizuia kabla hazijatokea. Kiti cha kuzunguka. Mlango wa kufunga. Hakuna kunyanyua mtu.

Hilo la mwisho ndilo langu. Mtaalamu wa viungo ameukagua mgongo wangu akasema nikiendelea kunyanyua wagonjwa mwaka mwingine, nitanyanyuliwa mimi. Asubuhi hii mke wangu amenivalisha soksi.  Tukaangalia ukutani kila mtu upande wake. Nafasi hii lazima niipate.

Tatizo ni Pasi. Muuguzi wa wodi ya watoto. Tunamwita hivyo kwa sababu sare yake haikunjamani, hata siku ya kutapikiwa. Naye ameomba. Tena ana diploma ya mambo hayohayo ya vihatarishi, aliyoisoma jioni wakati sisi wenye akili zetu tumepumzika. Kiherehere tu.

Jumanne, 5 Machi

Masharti yametoka. Kila mwombaji apeleke taarifa ya nusura: ajali iliyotaka kumpata mgonjwa, naye muuguzi akaizuia. Mimi sina. Wodini kwangu ama jambo limetokea, ama halikutokea. Hakuna katikati.

Pasi anayo, bila shaka. Chupa mbili za dawa zinazofanana, zimekaa rafu moja, yeye akaziona. Chupa! Nani atasisimka kwa chupa?

Baada ya chakula cha mchana nimeketi kwenye meza ya wauguzi nikamtunga mgonjwa wangu. Bibi mmoja, mpole. Kitambaa cha bluu kichwani. Nyonga mbovu ya kushoto. Nimemlaza kitanda cha dirishani, mwisho wa wodi, ambacho tangu kivunjike springi hakina hata godoro. Alikuwa anakwenda msalani, sakafu imelowa, ndala zikateleza, nami nikatoka mbio kutoka mwisho mwingine wa wodi nikamdaka hewani. Kazi safi! Nimeandika pia kwamba hana ndugu, asije mtu kuniulizauliza.

Kuna wakati nilisikia kama ndala zinaburutwa. Niliinua kichwa. Hapakuwa na mtu, nikaendelea kuandika.

Jumatano, 6 Machi

Metroni amenisifu mbele ya watu. Amesema hakujua kama mgongo wangu bado unaweza kuruka hivyo. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Mama wa usafi amenuna. Amenifuata hadi stoo ya dawa kunilaumu kwamba nimemchongea kuhusu sakafu. Nikamwambia asiichukulie hivyo, ni mambo ya ofisi tu. Akajibu kwamba angalau bibi mwenyewe ni muungwana, kamwambia asijali, hamlaumu yeye.

Nikauliza bibi gani.

Akaniangalia kama niliyelewa, akachukua ndoo yake akaenda. Mjanja huyu. Amenusa uongo wangu na sasa ananichimba. Hatanipata.

Alhamisi, 7 Machi

Jikoni wameleta sahani moja zaidi. Nikamwambia mpishi airudishe, hesabu yake imezidi. Akasema haimo kwenye hesabu yake, bibi ndiye aliyemwomba, tena amesema asitiliwe chumvi nyingi. Nikaiweka mezani nigeuke nitafute mtu wa kumpa. Nilipogeuka tena, ilikuwa imelambwa safi na kijiko kimelazwa juu yake kwa adabu.

Kitanda cha dirishani kina godoro. Shuka limekunjwa pembe kwa mtindo wa zamani, ule tuliofundishwa chuoni na ambao siku hizi hakuna anayejisumbua nao. Nimewauliza wenzangu wote. Kila mmoja alidhani nimetandika mimi. Mto una bonde katikati, kama uliolaliwa. Nikaugusa. Vuguvugu.

Ni jua la dirishani, nikajiambia. Halafu nikakumbuka dirisha lile linatazamana na ukuta wa dobi na halijawahi kuona jua. Basi ni mvuke wa dobi. Kila jambo lina maelezo yake kwa mtu asiyeogopa. Nilitoka wodini kinyumenyume, kwa ajili ya mgongo.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa! Kamati ya uteuzi itakuja Jumatatu kuzungumza na wagonjwa waliotajwa kwenye taarifa. Pasi ndiye aliyependekeza. Eti mgonjwa naye asikilizwe. Mtoto wake wa chupa za dawa ana mama wa kumsemea, lakini bibi yangu nimtoe wapi?

Nimefikiria mchana kutwa. Jibu ninalo nyumbani: mama mkwe!

Anaishi nasi, ana umri unaofaa, na nyonga yake ni mbovu kwelikweli. Shida ni heshima. Mimi hata kiti anachokalia mama mkwe sikikalii, leo nimwambie akajilaze wodini kwangu ajifanye mgonjwa? Nikamtuma mke wangu. Mke wangu akauliza kama nina wazimu. Nikamwonyesha miguu yangu, soksi alizonivalisha mwenyewe. Akaingia chumbani kwa mama yake.

Majibu yakaja kupitia mlangoni. Atakuja. Gauni la hospitali havai. Kuhusu nyonga atasema, kwa sababu hiyo si uongo. Kuhusu kuruka kwangu ataitikia kwa kichwa tu, ulimi wake hautakuwemo. Nimenunua kitambaa cha bluu. Leo nitalala vizuri.

Jumatatu, 11 Machi

Nitaandika kama ilivyotokea.

Tulikubaliana mama mkwe awe kitandani saa tatu, kamati ije saa nne. Saa tatu mimi nilikuwa nimeitwa kumgeuza mgonjwa mzito chumba cha pili. Nilipotoka, nikawakuta Mkurugenzi wa hospitali na Metroni, kamati yenyewe, wanatoka wodini kwangu. Wamewahi! Pasi alikuwa nyuma yao, anafuta macho kwa ncha ya kitambaa. Mkurugenzi akanishika bega, akasema bibi amezungumza mengi.

 Mama mkwe kafanya kweli! Pasi mwenyewe analia!

Nikaenda hadi dirishani. Pazia limevutwa kukizunguka kitanda. Kwa heshima sikulifungua. Nikasimama upande wangu, nikasema shikamoo mama, umeniokoa, sitakusahau.

 Godoro likalia kidogo, kama mtu anayegeuka kunitazama.

“Marahaba, mwanangu.”

Sauti ya chini, kavu. Nikadhani ni uchovu. Nikaondoka nikipiga mluzi.

Kwenye ngazi nikakutana na mke wangu anapanda huku anahema, amemshika mama yake mkono. Lifti mbovu, akasema, samahani, tumechelewa. Mama mkwe alikuwa bado anafunga kitambaa cha bluu.

Nilirudi mbio. Mgongo ulipiga kelele na mimi nikapiga kelele. Pazia lilikuwa wazi, kitanda kimetandikwa, pembe zimekunjwa. Chini yake ndala mbili, zimelowa, zimepangwa kuelekea meza ya wauguzi.

Mama mkwe alitazama, akavua kitambaa, akasema anataka kurudi nyumbani sasa hivi. Naogopa. Naandika neno hilo mara moja tu.

Jumanne, 12 Machi

Nimeikosa.

Mkurugenzi aliniita ofisini. Akasema kamati haina shaka kwamba sakafu ilikuwa imelowa, na kwamba bibi aliteleza. Lakini hakudakwa na mtu. Alianguka. Alilala pale chini, akainua kichwa, akamwona muuguzi ameketi kwenye meza, kalamu mkononi. Maneno yake Mkurugenzi aliyakariri polepole: “Aliniangalia, akaendelea kuandika.”

Kisha akaniuliza nilikuwa naandika nini.

Ningejibu nini? Nikisema bibi hayupo, taarifa yangu ni ya uongo na kazi sina. Nikisema yupo, nimemwacha sakafuni. Nikasema sikumbuki.

Nafasi amepewa Pasi. Mimi narudi wodini, kunyanyua, chini ya uangalizi wake. Alikuja kunitafuta mchana. Nilijiandaa kwa kejeli, ningejua la kufanya na kejeli, lakini alikuja na huruma! Akasema bibi ana jeraha la nyonga, amemwosha yeye mwenyewe. Akasema anafuta suala lote kwa sharti moja.

“Nenda ukamwombe radhi, kaka. Hataki kingine. Amesema ukimwambia pole, atakwenda zake.”

Nimwombe radhi mtu niliyemtunga mwenyewe, kwa kalamu yangu! Nina mgongo mbovu, lakini mwiko wa kuinama hivyo bado ninao. Nikamwambia Pasi nitalifikiria.

Sikulifikiria. Nilikuwa na njia bora zaidi: ruhusa. Mgonjwa akisharuhusiwa, hayupo wodini, na asiyekuwepo wodini si wangu. Nikajaza karatasi zake haraka kabla Pasi hajarudi. Nikakwama mahali pamoja tu. Mgonjwa wa nyonga hatoki bila mtu wa kumpokea nyumbani, ndiyo taratibu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika hana ndugu. Sasa nimweke nani? Nikajiweka mimi. Mtoto aliyelelewa naye. Nikaandika mtaa wangu na nyumba yangu, nikatia sahihi.

Nikachungulia upande wa dirishani. Kitanda kitupu, springi nje, godoro hakuna! Ndala hazipo! Nimekunywa chai na kuimba. Pasi ana diploma, mimi nina akili.

Jumatano, 13 Machi

Nimerudi nyumbani jua likiwa bado juu. Mlangoni ndala mbili, zimelowa.

Mke wangu alinipokea kwa uso nisioujua. Ameumia, akasema. Miaka yote ya ndoa, sikumwambia kwamba nina mama mlezi, mgonjwa, peke yake? Mpaka aje mwenyewe kwa miguu, na nyonga ile? Nikafungua mdomo. Kutoka chumba cha ndani nikamsikia mama mkwe anacheka, na mtu mwingine anacheka naye, kwa sauti ya chini, kavu.

Nikaingia. Kitambaa cha bluu. Uso ulikuwa mpole, nilimwandika mpole, lakini sikuwa nimeandika macho, na pale macho yanapokaa sikuweza kupatazama sawasawa. Aliketi kitandani kwetu akanisubiri. Mke wangu akaninong'oneza kwamba huyu mama yangu anataka kwenda msalani tangu mchana, lakini hakubali kushikwa na mtu mwingine. Amesema mwanawe ndiye atakayemnyanyua. Mchana, na usiku akiamka.

Akanyoosha mikono. Akaniangalia. Nilijua kabisa alichokuwa anakingojea, neno moja, pole, na ningeweza kulisema pale pale mlangoni.

Nikamnyanyua. Mzito! Mzito kuliko nilivyomwandika, na baridi, na amelowa hadi kwenye mapaja. Mgongo wangu ulilia mara mbili. Mama mkwe alinisifu, akasema hakujua kama nina moyo huo.

Nimemrudisha kitandani. Sasa niko meza ya jikoni, nimekaa kwa ubavu maana kunyooka siwezi. Kengele ndogo ambayo mama mkwe huitia watu usiku wamempa bibi, na ameshaipiga.

Lakini nimepata ufumbuzi! Ni mwepesi mno, nashangaa sikuuona mapema. Anahitajika mnyanyuaji. Nimechukua karatasi safi na nimeshaanza: muuguzi wa nyumbani, mwanamume, mrefu kupita mlango, mikono mipana, mgongo mzima. Hachoki. Halali. Akishamshika mtu hamwachii. Safari hii nimekuwa makini, naandika kila kitu, nisije nikasahau macho kama mara ile.

Sijamwandika hata shingo na hodi imepigwa. Nimemwambia mke wangu afungue.