Kitalu Namba Saba Hakikudanganya

Ndugu Msimamizi,

Yah: Neno "Haiwezekani" ulilolitia wino mwekundu

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kalamu yako ikiwa imefunikwa. Mimi ni shangazi wa mwanafunzi wako, yule mrefu anayetembea na rula. Shamba alilofanyia utafiti wa tomatilo, zile nyanya za kijani zinazovaa ganda jembamba kama karatasi, ni langu, liko nyuma ya jiko langu.

Aliligawa kwa kamba, vitalu tisa. Vitatu alipanda mvua zilipoanza, vitatu wiki tatu baadaye, vitatu wiki tatu nyingine. Kila mara kitalu kimoja hakikupata mbolea, cha pili kilipata kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo, cha tatu vizibo viwili. Kitalu namba saba, kilichochelewa na tena kikanyimwa mbolea, ndicho kilichozaa kuliko vyote. Wewe ukaandika: "Haiwezekani. Rudia msimu mzima." Ijumaa alirudi nyumbani, akakaa kwenye benchi la jikoni na mkoba mgongoni, chakula hakugusa. Wenzake wanavaa majoho mwezi ujao. Kwa hiyo nina malalamiko yafuatayo.

1. Wewe hukuwepo. Matunda tuliyahesabu sebuleni, viti tumevisogeza, tunamenya ganda mojamoja mpaka vidole vikanata. Alihesabu yeye, nikarudia mimi. Kama hatujui kuhesabu, lawama zimwendee mwalimu wake wa darasa la kwanza, siyo kitalu.

2. Unasema miche iliyochelewa wiki sita haiwezi kuipita iliyowahi. Ndugu, jirani yangu ni fundi cherehani. Gauni langu la mwaka jana lilichelewa wiki tisa, na limenikaa kuliko yote niliyonayo.

3. Vitalu vya vizibo viwili vilitoa majani mpaka kifuani kwangu, na matunda ya kutafuta kwa tochi. Hapo ukaweka alama ya vema, ukaandika "mbolea imezidi, imeishia kwenye majani." Yaani anayekula asifanye kazi anaaminika, na anayefanya kazi bila kula anashukiwa. Nimewahi kuajiriwa mahali pa namna hiyo.

4. Hili limeniuma zaidi. Ulimtuma aniulize kama kuna mtu aligusa vitalu. Aliuliza akitazama chini: "Shangazi, samahani, eti kuna mkono uliingia mle?" Nikamjibu, "Mkono wa nani, mwanangu?" Nimefukuza kuku, nimefukuza mbuzi, nimemfukuza hata fundi cherehani aliyekuja na bakuli, eti anachuma kidogo tu. Nimelea watoto sita katika nyumba hii, wanne siyo wa kuwazaa mimi, na hakuna aliyewahi kunihoji.

5. Kwa kuwa kitalu hakiwezi kubadili kilichozaa, naomba vibadilishwe vitabu. Chuo kitangaze kwamba tomatilo zipandwe kwa kuchelewa na zisipewe chochote. Huku tumeshaanza. Fundi cherehani amenisikia, mfuko wake wa mbolea ameurudisha dukani, na miche yake ameifungia uani mpaka wiki ya sita. Ukikataa, siku ya mahafali nitakuja kukaa mstari wa mbele na kapu la tomatilo mapajani, na sitaondoka mpaka uzihesabu.

Nisalimie mama watoto, walimu wenzako, na yule mlinzi wa getini aliyempokea mwanangu mzigo siku aliyofika.

Wako katika kilimo na malezi,
Shangazi, mwenye shamba

N.B. Nimeisoma barua kabla ya kuifunga, na kuna mambo mawili madogo. Miche ya kitalu namba saba ilipopandwa ilikuwa myembamba kama uzi. Nilimwonyesha, akasema, "Hiyo usiihurumie, Shangazi. Kazi yake ni kudhoofika." Akaenda zake chuoni. Mimi siwezi kupita kila asubuhi na ndoo ya maji mbele ya kitu ambacho kazi yake ni kudhoofika. Niliing'oa, nikaweka miche iliyobaki ya upandaji wa kwanza, niliyokuwa nimeitunza kwenye makopo. Aliporudi alisema imechangamka. Kisha kila Jumatatu nikawa naimwagia maji ya samadi ya kuku, kila mche kikombe, tena kile kikubwa. Kwa hiyo haikuchelewa, na haikulala njaa. Yeye hajui lolote, alizitetea hesabu zake kwa moyo safi, usimwadhibu. Kwa fundi cherehani nakwenda sasa hivi, kabla mvua hazijampita. Mwanangu nitamwambia leo, akishakula. Shamba nimeshalilima upya. Ila msimu huu mwagize akizungushie kitalu namba saba wigo wenye kufuli, na ufunguo asiniachie mimi.