Watu Wangu Katika Mstari wa Diwani

Alhamisi, 18 Februari 1988

Nimefika kufungua kibanda changu cha kinyozi, nikakuta X mlangoni. Nyekundu! Rangi bado mbichi. Nimeigusa kuhakikisha, na sasa kidole changu pia ni chekundu.

Mtaa wetu wote wa Huruma unajua maana yake. Manispaa watabomoa. Kibanda chenyewe ndicho maisha yetu: upande mmoja nanyoa, upande wa pili mke wangu Warigia anauza uji na mandazi. Nimekagua vibanda vyote vya jirani. Safi! X ni yangu peke yangu.

Warigia alisema kwa upole kwamba labda ni kwa sababu nilitangaza mbele ya wateja kuwa nagombea udiwani. Labda! Diwani Walubengo ameanza kutetemeka, basi. Mtu anawakilisha Huruma na analala Kapsoya, nyumba ya mawe, mfereji jikoni.

Nikishinda, X inafutwa. Nikishindwa, tunahamia Sugoi kwa kaka yake Warigia, tulime kwake. Huyo kaka ana ng'ombe wengi na ushauri mwingi zaidi. Siendi.

Ijumaa, 19 Februari

Uteuzi wa chama ni Jumatatu, kwa mlolongo. Kila mgombea anasimama mbele na picha yake, wanaomtaka wanapanga mstari nyuma yake, mchana kweupe, halafu wanahesabiwa. Ukipata asilimia sabini umepita moja kwa moja. Usipofikisha, mnakwenda kwenye kura ya siri mwezi ujao.

Tuko wawili tu, mimi na Walubengo. Sikuwa na wasiwasi. Kila mteja ananiunga mkono. Mtu akiwa na wembe wangu shingoni hajawahi kunipinga hata mara moja.

Kumbe! Rafiki yangu Khisa, fundi wa majiko, amenieleza kwamba watu wananipenda sana, ila wanaogopa kuonekana. Diwani ana macho. Leo umesimama nyuma ya kinyozi, kesho huna leseni. Nilishtuka hadi nikamnyoa Khisa nyusi moja. Ameondoka akiwa ameifunika kwa mkono.

Jumamosi, 20 Februari

Nimepata! Nilikuwa nanoa wembe, wazo likaja lenyewe.

Watu wangu waanze katika mstari wa Walubengo. Ndiyo, wa Walubengo! Ataona mstari mrefu, atalegea, vijana wake watakwenda kutafuta soda. Kabla tu ya kuhesabu, mimi navua kofia na kuiinua juu. Papo hapo watu arobaini wanahama kwa pamoja kuja kwangu. Uwanja unapigwa na butwaa. Waoga wengine wanafuata. Nani atamnyima leseni nani, wote wakiwa upande wangu?

Khisa amekusanya arobaini. Sijawahi kuona watu wakikubali mpango haraka namna hiyo. Mama Kavetsa wa mboga alinishika mikono yote miwili, akaniambia Mungu anibariki. Machozi yalimlengalenga. Hivyo ndivyo watu wanavyomtazama kiongozi.

Warigia nimempa nafasi ya heshima: asimame mgongoni mwa Diwani kabisa, ili akihama kila mtu aone. Aliuliza kwa nini watu wangu wasisimame tu nyuma yangu tangu asubuhi. Wanawake na siasa, wapi na wapi.

Jumapili, 21 Februari

Walubengo amekuja kanisani kwetu! Alikaa kiti cha mbele, akaimba kwa sauti kuliko kwaya. Nje akanisalimia na kuniuliza kama biashara inaendelea vizuri. Biashara! Mbele ya mke wangu! Nilimjibu kwamba tunamshukuru Mungu. Baadaye nilipata majibu makali sana, lakini gari lake lilikuwa limeshaondoka.

Mchana nimejaribu kofia mbele ya kioo. Inatoka vizuri.

Jumatatu, 22 Februari

Nimeshindwa kushika kalamu tangu mchana. Niandike polepole.

Uwanja wa shule ulijaa. Mstari wa Walubengo ulizunguka hadi vyooni. Wangu ulikuwa wa kuridhisha kwa mtu anayejua mpango. Okello, wakala wangu, alishika picha yangu. Warigia alikuwa pale pale nilipomweka, karibu kugusa koti la Diwani. Vijana wa Diwani wakaenda kutafuta soda. Kila kitu sawasawa! Nikapeleka mkono kwenye kofia.

Ndipo D.O., afisa wa serikali aliyesimamia uteuzi, akatangaza kwamba kwanza tutaomba, wanaume wote wavue kofia.

Kofia zikashuka uwanja mzima. Nikaganda. Nikivua, nani atajua ni ishara na nani atajua ni ibada? Nusu ya watu wangu wangehama na nusu wangesema amina! Nikaona ni busara kubaki nayo mpaka maombi yaishe. Nikaishika kwa mikono miwili, upepo usije ukaniharibia.

Nicanor, kijana wa chama, akaniona. Alininong'oneza niivue. Nikamnong'oneza kwamba siwezi, ni mambo ya siasa. Hilo halikumpendeza. Kabla ya amina nilikuwa nimefungiwa ndani ya Land Rover ya D.O., kwa kosa la kudharau maombi na viongozi.

Humo ndani nikavua kofia. Nikaipunga dirishani. Dirisha lilitazama ukuta wa shule.

Nilisikia wakihesabu. Asilimia sabini na moja! Walubengo amepita. Hakuna kura ya siri, hakuna chochote. Na arobaini wangu wamo ndani ya hiyo sabini na moja. Mimi ndiye niliyempitisha. Mungu wangu.

Jumanne, 23 Februari

Khisa amekuja, nyusi moja na huzuni nyingi. Nilimuuliza kwa nini hawakuhama waliponiona nakamatwa. Akasema kofia ilikuwa bado kichwani.

Warigia anafunga vyombo kwenye magunia. Hakunilaumu, na hilo limeniuma kuliko Land Rover. Nilipomuuliza yeye naye ilikuwaje, hakuinua kichwa.

"Ulisema tusubiri kofia. Tulisubiri," akasema. Kisha akatoa sufuria ya uji, ile anayouzia tangu tuoane, akaifunga katika leso yake, na nikaona anafuta macho. Nimetoka nje nikasimama na ile X. Naona aibu kweli.

Alhamisi, 25 Februari

Sijui nianzie wapi!

Asubuhi gari la Walubengo limesimama mlangoni. Nilijificha nyuma ya pazia la kunyolea. Nilidhani wamekuja kubomoa. Nicanor akashuka na mkebe wa rangi ya kijani, akaanza kupaka mlango. X imekwisha! Walubengo hakuniulizia. Alimsalimia Warigia kwa heshima.

"Mama, nilikuona na macho yangu," alimwambia. "Bwanako amesimama upande ile ingine, na wewe uko hapa nyuma yangu. Mtu kama wewe siwezi vunjia kibanda."

Warigia akamshukuru, akampa chai. Alipoondoka, mke wangu alikaa juu ya gunia akacheka na kulia kwa pamoja. Halafu akanishika shati. Ameniomba jambo moja tu maishani: ninyamaze. Nimemwahidi.

Lakini nimekaa nikafikiri. Kibanda kimeokolewa na nini? Na mpango wangu! Nani alimweka Warigia mahali pale? Na yule mheshimiwa anadhani watu wale arobaini walisimama kwa mapenzi. Hajui kuna mtu aliyewapanga. Diwani mwenye akili angependa kuwa na mtu kama huyo karibu naye, tena kwa cheo.

Warigia amelala mapema, kwa mara ya kwanza wiki hii. Koti langu nimelipiga pasi. Kesho asubuhi naenda Kapsoya kumweleza Mheshimiwa kila kitu.