Ndoo Mbili za Kimchi na Kiti cha Mwenyekiti

Jumatano, 20 Novemba
Jumapili tunachagua mwenyekiti wa Umoja wa Kina Mama! Wagombea wawili: mimi, Pyo Mal-sun, na Tak Geum-ok, ambaye hata akipiga chafya kanisa zima husema ana karama. Leo tumetia chumvi kabichi mia tatu uani mwa kanisa, za kimchi, ile achari yetu ya kabichi na pilipili, ya wazee wanaoishi peke yao. Vidole ganzi. Geum-ok akaniambia, "Dada, chumvi si theluji, usiimwage hovyo." Wote wakacheka. Nami nikacheka. Kwa meno tu.

Ijumaa, 22 Novemba
Tumepaka pilipili. Kila mgombea ametengeneza ndoo moja ya nyumbani kwa mchungaji, jina juu ya kifuniko. Asemalo mke wa mchungaji, kina mama huitikia. Na kimchi ya Geum-ok, tuseme kweli, haina mpinzani. Sala ya kufungia kazi. Wote macho wamefumba. Nikabadilisha vifuniko! "Amina" yangu ilisikika mpaka barabarani.

Jumapili, 24 Novemba
Msiba! Mke wa mchungaji kasimama. Kimchi ya Dada Geum-ok imemliza, kama ya marehemu mamake. Ya Dada Mal-sun... basi, tumwombee. Ina maana yangu ndiyo tamu! Yangu! Nilitaka kupanda kiti nipige kelele. Nipige nikisema nini? Kura: Geum-ok arobaini na moja, mimi mbili.

Jumanne, 26 Novemba
Nimepangwa pamoja na Geum-ok kuwagawia wazee ndoo zao. Bibi Gal, miaka themanini na minane, kala kimchi palepale mlangoni, akatushika mikono sote wawili, hataki kutuachia. Akasema tangu mumewe afe hakuna aliyemkumbuka majira haya ya kimchi. Machozi yakanilenga. Kwenye ngazi Geum-ok akaninong'oneza, "Kura yako ya pili ilikuwa yangu, dada. Hakuna anayejituma kama wewe."
Moyo ukaniyeyuka. Nikafungua kinywa nikiri yote. Vifuniko, kila kitu!
Hapo akauliza mazoezi ya kwaya ya Krismasi ni lini, maana mwalimu atamchagua atakayeimba peke yake.
Ni kesho.
Nimemwambia Alhamisi.