Sungura wa Bi. Paquette Amenipokonya Kazi

Gimli, Manitoba
9 Februari

Kwa Bi. Lorraine Paquette,
Mtaalamu wa Matamshi ya Watoto

Bibi mheshimiwa,

YAH: KURUDISHIWA MATAMSHI YA ZAMANI YA MJUKUU WANGU

Mimi ni babu yake Hrefna, mwenye miaka mitano, yule uliyemkuta akiitamka k kama t. Baba yake yuko migodini na mama yake hushinda kazini, kwa hiyo mji mzima ni mimi tu niliyemwelewa. Nalalamika kwa unyenyekevu:

1. Ulimwekea kwenye kishikwambi sungura anayeruka akisikia k safi. Dakika kumi kwa siku, mtu mzima akae kando. Siku ya tatu nilimhurumia mtoto, nikatamka mimi. Sungura akaruka mara arobaini. Ulitupigia simu kutupongeza, kisha ukasikiliza sauti zilizorekodiwa, ukaniambia, "Mzee Einar, k yako haina tatizo. Kaa kimya." Nimefundisha shule miaka thelathini, sijawahi kunyamazishwa hivyo.

2. Ukaagiza kwamba sungura peke yake hatoshi, neno litumike mezani. Basi hapati kijiko mpaka akiite kijiko. Naye ameiga: sipati kahawa mpaka niseme tafadhali.

3. Jirani yetu Bi. Gudrun, mjane, ametuletea keki ya plamu kila Jumamosi kwa miaka miwili. Hrefna alikuwa akimwambia, "Teti yato tavu tama tuni," nami natafsiri: anasema asante, tamu sana. Jumamosi iliyopita akameza kipande, akaketi wima, akasema, "Keki yako kavu kama kuni." Kila k mahali pake. Bi. Gudrun alinitazama mimi, si mtoto.

"Miaka miwili, Einar?" akauliza. Akabeba sahani yake na keki yake, akaenda zake.

4. Dukani mtoto anajiagizia mwenyewe. Muuzaji ananiuliza mimi kama nahitaji msaada.

Kwa hiyo naomba umrudishie t yake, walau siku za Jumamosi.

Nisalimie wote hapo kliniki, isipokuwa sungura.

Ni mimi, mkalimani niliyeachishwa kazi,
Einar Thordarson

N.B. Jana baba yake alipiga simu kutoka migodini. Hrefna aliongea naye nusu saa nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nikasikia baba akimwomba arudie. Nikajua hakuelewa, nikaichukua simu nitafsiri.

"Nimeelewa, baba," akaniambia baba yake Hrefna. "Nilitaka tu kusikia tena."

Tafadhali ichane barua hii. Bado r inamshinda. Tuje lini?